Kengeza na Chongo: Somo Kuhusu Upasuaji wa Kunyoosha Macho

Waswahili husema, ukipenda, chongo huita kengeza. Maana yake inajulikana: mapenzi husitiri aibu, na aliyepofuka jicho moja huambiwa kwa upole kwamba ana makengeza tu. Katika kliniki ya macho methali hii hugeuka ikawa onyo. Mtoto anayeletwa kwa sababu ya kengeza huenda tayari ana chongo. Jicho lililopinda halioni, na nyumbani hakuna aliyejua, kwa kuwa jicho la pili linaona vizuri na mtoto hajawahi kulalamika. Somo hili linahusu upasuaji wa kunyoosha macho, lakini litaanza na uoni. Kisu hunyoosha jicho. Hakirudishi uoni ambao ubongo umekwisha kuuacha.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Ni siku ya chanjo katika kituo cha afya cha Matemwe, pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja. Mama amemleta mtoto wa miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, na bibi amefuatana naye. Muuguzi anaona kwamba jicho la kushoto la mtoto linaelekea puani.

"Bibi, jicho hili mmeanza kuliona hivi lini?"

"Tangu mdogo, mwanangu. Litanyooka akikua. Hata baba yake alikuwa hivi hivi."

Bibi hakukosea kote. Katika miezi ya mwanzo macho ya mtoto mchanga hutangatanga, kwa sababu ubongo bado unajifunza kuyaongoza pamoja. Kwa kawaida hutulia mtoto afikapo miezi mitatu au minne. Lakini kengeza linaloonekana baada ya miezi sita, au la kudumu ambalo halipotei hata kidogo katika umri wowote, si la kusubiriwa. Na habari ya baba haipaswi kututuliza. Makengeza hufuata ukoo, kwa hiyo baba aliyekuwa nayo ni sababu ya kumchunguza mwana mapema zaidi.

Kurunzi kabla ya kisu

Muuguzi wetu hahitaji mashine ili aanze kazi. Ashike kurunzi umbali wa kama nusu mita, amulike macho yote mawili kwa pamoja, kisha atazame kidoa cha mwanga kinachong'aa juu ya kioo cha jicho. Macho yakiwa sawa, kidoa hukaa mahali pamoja katika kila jicho, karibu na katikati ya mboni. Jicho likiwa limeingia ndani, kidoa chake huonekana kimehamia upande wa nje. Kila milimita moja ya kuhama ni takriban nyuzi 7 za kupinda. Kipimo hiki huwaondolea wazazi wengi wasiwasi wa bure. Mtoto mwenye pua pana kati ya macho, au mwenye ngozi iliyofunika kona za ndani, aweza kuonekana ana makengeza, kumbe vidoa vimekaa sawasawa.

Kisha amvutie mtoto kwa kitu cha kuchezea na kufunika jicho moja kwa kiganja. Jicho lililoachwa wazi likisogea ili kukishika kitu kile, basi lilikuwa limepinda. Atazame pia tabia ya mtoto. Mtoto anayelia na kuusukuma mkono jicho la kulia linapofunikwa, lakini asijali likifunikwa la kushoto, anatuambia kwa lugha yake kwamba la kushoto halimfai kitu.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho mimi sikubali kirukwe. Chumba kitiwe giza, na kwa oftalmoskopu tuangalie mwanga unaorudi kutoka nyuma ya jicho kupitia mboni. Kwa watu wenye ngozi nyeusi mwanga huo mara nyingi si mwekundu kama picha za vitabu vya Ulaya zionyeshavyo. Huwa wa rangi ya chungwa au manjano hafifu. Linalotafutwa ni tofauti kati ya jicho na jicho. Mboni inayorudisha weupe, au isiyorudisha kitu, ni dalili ya hatari. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye huwapata hata wachanga, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowashika zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Dalili yake ya kwanza kwa wingi ni weupe huo ndani ya mboni. Ya pili ni makengeza. Saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, mtoto anaweza kupona. Ikishatoka nje ya jicho, habari huwa nyingine kabisa. Hapo ndipo neno "tusubiri" linapoweza kugharimu uhai.

Vituo vingi havina oftalmoskopu ya kawaida, ambayo ni ghali. Kipo kifaa kidogo kiitwacho Arclight, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, kinachopata nguvu kwa mwanga wa jua na kuingia mfukoni. Mzazi naye asidharau picha za simu. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu ikionyesha jicho moja likimeta weupe mara kwa mara, ailete kituoni.

Ubongo unapolizima jicho

Kila jicho huendeshwa na misuli sita, ambayo hupokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia mishipa mitatu ya fahamu. Macho yakitazama pande mbili tofauti, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima hapo huona vitu viwiliviwili. Mtoto haoni hivyo, kwani ubongo wake mchanga huchagua picha moja na kuizima ile nyingine. Jicho lililozimwa miezi na miaka halijifunzi kuona, hata likiwa zima kwa umbo. Hilo ndilo tuitalo jicho vivu, ingawa uvivu wenyewe umo katika ubongo.

Ubongo hufundishika vizuri zaidi katika miaka 7 au 8 ya kwanza. Baada ya hapo bado kuna watoto wanaopata nafuu, lakini kazi huwa ngumu na mavuno haba. Kinachopotea pamoja na uoni wa jicho moja ni ule uwezo wa kupima kina na umbali kwa macho mawili. Mtoto wa pwani atauhitaji akitia uzi katika tundu la ndoana au akiruka kutoka ngalawa hadi ngalawa.

Yapo pia makengeza yanayokwenda nje, yenye tabia ya kuja na kuondoka. Jicho hutoka mtoto akichoka, akiumwa au akitazama mbali, na daktari aweza kumchunguza asubuhi asione kitu. Dalili moja yafaa kukumbukwa na wazazi wa Matemwe: mtoto wa namna hii mara nyingi hufumba jicho moja akiwa kwenye jua kali. Pale mchangani, ambako weupe wa mchanga huurudisha mwanga usoni, watu hudhani anakonyeza au anacheza. Mama aliyegundua hilo aliseme kliniki, hata kama siku hiyo macho yamenyooka.

Miwani, kitambaa na subira

Si kila kengeza huenda kwenye chumba cha upasuaji. Wapo watoto, hasa wanaoanza kupinda jicho kati ya miaka miwili na mitatu, ambao shida yao ni kutoona vizuri vitu vya karibu. Macho yao hujikaza sana ili kuona, na kujikaza huko huyavuta ndani. Hawa hutiwa matone ya kutanua mboni, hupimwa, na hupewa miwani. Wengi wao macho hunyooka wakiwa wameivaa. Mzazi akiivua miwani usiku na kuona jicho limerudi puani, asidhani dawa imeshindwa. Miwani ndiyo iliyokuwa ikilishika. Kumfanyia mtoto huyu upasuaji bila kumpima miwani ni kosa, kwa sababu akija kuivaa baadaye, macho yaweza kutoka nje.

Kwa jicho vivu, tiba ni kulifunika jicho zuri ili lile lililolala lilazimike kufanya kazi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa miaka 3 hadi chini ya 7 wenye upungufu wa wastani, kufunika saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na saa 6. Habari hii ni faraja kubwa kwa mama, kwa kuwa saa mbili zinapatikana hata katika nyumba yenye kazi nyingi. Mtoto akae karibu na mtu mzima, achambue mchele, achore au ahesabu makombe. Pengine daktari ataandika tone la atropini katika jicho zuri badala ya kitambaa. Dawa hiyo ni sumu ikinywewa. Chupa yake ifichwe mbali na watoto.

Kazi hii hufanywa kabla ya upasuaji kwa sababu mbili. Jicho linaloona lina nafuu ya kubaki mahali lilipowekwa. Lisiloona huelekea kupotoka tena. Na mzazi akiona jicho limeshanyooka, hamu ya kulifunika jicho zuri humwisha. Nadhani hili la pili ndilo lenye nguvu zaidi.

Upasuaji wenyewe

Upasuaji wa kwanza uliofaulu ulifanywa na Johann Friedrich Dieffenbach huko Berlin, tarehe 26 Oktoba 1839, kwa mvulana wa miaka saba ambaye jicho lake liliingia ndani. Ilikuwa miaka saba kabla etha haijaonyeshwa hadharani kuwa dawa ya usingizi, kwa hiyo mvulana yule alikuwa macho. Dieffenbach aliukata tu msuli uliovuta. Njia hiyo ilienea upesi, na wengi waliokatwa hivyo baadaye macho yao yalitoka nje. Siku hizi msuli haukatwi ukaachwa. Hupimwa na kushonwa upya.

Hofu ninayoisikia kuliko zote ni kwamba jicho hutolewa, hulazwa shavuni, kisha hurudishwa. Jambo hilo halifanyiki. Jicho hubaki mahali pake. Mpasuaji hufungua utando mwembamba ulio juu ya weupe wa jicho, huushika msuli kwa ndoana ndogo na kuutia uzi, kisha hufanya mojawapo ya mambo mawili. Msuli unaovuta kupita kiasi huachishwa pale uliposhika na kushonwa nyuma kidogo ili ulegee. Msuli dhaifu hufupishwa ili upate nguvu. Vipimo ni vya milimita chache. Msuli wa upande wa pua umeshika jicho kiasi cha milimita 5.5 kutoka ukingo wa kioo cha jicho, na kuurudisha nyuma milimita 5 tu kwaweza kubadili uso wa mtoto. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Mara nyingine macho yote mawili huguswa ingawa lililopinda ni moja, kwa sababu mizani ni ya macho mawili. Wazazi waelezwe hivyo mapema wasije wakadhani daktari amekosea jicho.

Mtoto hulazwa kwa nusukaputi. Mtaalamu wa usingizi hukaa tayari kwa jambo moja mahususi: msuli wa jicho ukivutwa, mapigo ya moyo yaweza kupungua ghafla. Mpasuaji huuachia, na moyo hurudi; ikibidi hutolewa atropini. Kabla ya siku hiyo mzazi aseme kama mtoto ana selimundu, pumu, mzio wa dawa, au ndugu aliyewahi kupata matatizo kwa dawa za usingizi. Mwenye homa au kikohozi huahirishwa. Chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe hukomeshwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Wapo wazazi wanaompa mtoto uji kwa siri kwa kumhurumia. Huruma hiyo ni hatari, kwa kuwa chakula kikipanda wakati wa usingizi huingia mapafuni.

Kwa mtoto ambaye macho yake yaliingia ndani kabla hajatimiza miezi sita, hupendelewa upasuaji ufanyike kabla ya miaka 2, ili apate nafasi ya kujifunza kutumia macho mawili pamoja. Huyu ndiye mtoto wa mfano wetu pale Matemwe, na ndiyo maana miezi yake 9 ina thamani. Angesubiri "akue", mlango huo ungekuwa umekaribia kufungwa.

Madhara makubwa, kama uambukizo ndani ya jicho au sindano kutoboa ukuta wa jicho, ni nadra. Linalotokea zaidi ni jicho kubaki limepinda kidogo au kupitiliza upande wa pili, na si wachache wanaohitaji upasuaji wa pili baada ya miezi au miaka. Hili liandikwe katika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi na lisemwe kwa mdomo pia.

Njia ya kutoka Matemwe

Rufaa ya kengeza ikiandikwa Matemwe huweza kupitia Hospitali ya Kivunge, iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Kaskazini A, hadi idara ya macho ya Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini. Mtoto anayehitaji huduma ya kibingwa zaidi huvuka bahari: Dar es Salaam ziko Muhimbili na CCBRT, na Moshi iko KCMC, zote zikiwa na huduma za macho ya watoto. Kwa familia, njia hii ni daladala ya 118, boti, mahali pa kulala, na siku za kazi zinazopotea.

Hapa nina neno kwa wenzangu watumishi wa afya. Mama wengi wa Matemwe wanalima mwani, na kazi yao hufuata maji. Tarehe ya kliniki ikiangukia bamvua, mama atachagua kati ya jicho la mwanawe na mavuno ya nusu mwezi, kisha tutamwandika "hakurudi" kana kwamba ni mzembe. Muulizeni, na mpangieni siku za maji mafu. Barua ya rufaa nayo isiishie kwenye neno "makengeza". Iseme jicho lipi, tangu lini, linaingia au linatoka, la kudumu au la kuja na kuondoka, na mwanga wa mboni ulikuwaje. Mboni nyeupe haingoji tarehe ya kliniki. Mpigieni simu daktari siku ile ile.

Baada ya upasuaji mtoto hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Kutapika siku ya kwanza ni jambo la kawaida, na machozi yenye damu kidogo yasimtishe mtu. Wekundu hudumu wiki mbili, tatu au zaidi. Matone yatiwe kama yalivyoandikwa. Mtoto asiogelee baharini wala kuchezea mchanga mpaka daktari aruhusu, kwa kawaida wiki kadhaa. Kwa mtoto wa Matemwe amri hii ni ngumu kuliko kisu chenyewe, na bibi ndiye anayefaa kuisimamia. Maziwa ya mama, maji ya majani na dawa yoyote ya kienyeji visiingie katika jicho lenye nyuzi. Arudishwe hospitali mara moja iwapo maumivu yanazidi badala ya kupungua, kope zimevimba, usaha unatoka, ana homa, uoni umeshuka, au jicho limekwenda pembeni ghafla na halirudi katikati. Hilo la mwisho laweza kuwa msuli ulioponyoka kwenye nyuzi.

Watu wazima

Mtu mzima anayepata kengeza ghafla na kuona viwiliviwili hatafuti urembo. Anahitaji kuchunguzwa siku hiyo. Nyuma yake yaweza kuwa kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, jeraha la kichwa au uvimbe katika ubongo. Kope moja ikishuka na mboni ikatanuka pamoja na maumivu makali ya kichwa, ni dharura ya kupelekwa hospitali kubwa bila kusubiri asubuhi.

Yule aliyekua na kengeza tangu utotoni ni habari nyingine. Kwake umri haujafunga mlango wa kunyoosha. Daktari humpima kwanza kwa prizimu ili kuona kama macho yakinyooka ataanza kuona viwiliviwili, kisha humwambia kwa uwazi: jicho laweza kukaa sawa, lakini lililokuwa halioni tangu utotoni litabaki haliona. Wengine husaidiwa kwa sindano ya sumu ya botulinumu, inayolegeza msuli kwa miezi kadhaa. Dunia inaijua dawa hiyo kwa kuondoa mikunjo ya uso, lakini ilianzia kwenye makengeza, katika kazi ya daktari Alan Scott wa San Francisco, aliyechapisha matokeo yake kwa binadamu mwaka 1980.

Baadhi ya watumishi humcheka mvuvi wa miaka 40 anayeomba kunyooshwa jicho, wakimwuliza anataka kuoa mke wa pili. Wasimcheke. Mtu huyu amezungumza na watu miaka yote akitazama chini, amenyimwa kazi ya mapokezi hotelini, na kila anapomtazama mteja, mteja hugeuka nyuma akidhani anaitwa mwingine. Barua yake ya rufaa iandikwe kama ya mtoto, na sehemu ya sababu ijazwe maneno yake mwenyewe.